UZI: Skii za nyika mwishoni mwa msimu – tazama usiku, achana na joto la mchana

Ukoko Mgumu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka jua likianza kupanda, humu ndani panageuka matanga. "Theluji imeisha." "Njia zimekuwa uji." "Nimeshaweka skii stoo, tuonane msimu ujao." Watu wanafunga msimu wiki kadhaa kabla theluji yenyewe haijafunga, halafu wanapishana na asubuhi nzuri kuliko zote walizozisubiri tangu Desemba. Mlio kusini mwa ikweta, nikisema Machi nyinyi someni Septemba, mambo ni yaleyale.

Shida ni kwamba wanaangalia joto la mchana. Wakiona utabiri unasema nyuzi 8, wanakata tamaa. Mimi joto la mchana silitazami kabisa. Natazama usiku utakuwaje: anga wazi au mawingu, hewa kavu au ya unyevu, upepo upo au haupo. Hayo matatu ndiyo yanayoamua kama kesho utateleza au utaogelea.

Tuanze na theluji yenyewe. Ile ya katikati ya msimu ina chembe zenye matawi na ncha kali. Ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, siku baada ya siku, matawi yanakwisha, zinabaki punje za mviringo zenye upana wa milimita moja na zaidi. Mchana punje hizo zinaogelea kwenye maji yake zenyewe, hazishikani, mguu unadidimia. Usiku yale maji ya katikati yanaganda na kuzifunga pamoja. Hapo ndipo unapata ukoko, na ukoko mzuri unakubeba bila kuhitaji njia iliyoandaliwa na mashine. Ziwa, kinamasi, shamba lote, popote panapotazamana na macho yako ni njia. Ukiwa na skii za mtindo wa skeiti, ule wa kusukuma pembeni kama mtu wa viatu vya barafu, unakwenda kwa kasi ambayo kwenye theluji laini hukuwahi kuiota.

Sasa kwa nini anga? Mchana theluji mpya inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Ikizeeka, ikalowa na kuchafuka, inaweza kurudisha nusu tu, ndiyo maana mwishoni inaisha haraka. Lakini usiku inageuka: kwenye mionzi ya joto, theluji inatoa joto karibu sawasawa na kitu cheusi tii. Anga likiwa wazi, joto linapaa na kwenda zake, na uso wa theluji unapoa kuliko hewa iliyo juu yake. Unaweza kuona kipimajoto kinasoma nyuzi 2 juu ya sifuri na bado ukoko umeganda. Mawingu yakitanda, yanalirudisha lile joto chini. Usiku wa mawingu wenye nyuzi 1 chini ya sifuri unaweza kukupa ukoko mwembamba kuliko usiku mweupe, yaani wa anga wazi, wenye nyuzi 2 juu. Watu hawaamini mpaka watoke wenyewe.

Hewa kavu nayo inasaidia. Sehemu ya theluji inageuka mvuke moja kwa moja, na kazi hiyo inakula joto nyingi mno, zaidi ya mara nane ya joto linalohitajika kuyeyusha kiasi hichohicho. Kwa hiyo siku kavu yenye jua haiiui theluji kama wengi wanavyodhani.

Kuhusu mahali: msituni theluji inadumu zaidi kwa sababu ya kivuli, lakini ukoko wa msituni ni dhaifu, kwa sababu matawi ya miti yanarudisha joto usiku kama mawingu yanavyofanya. Kwenye shina la mti ndiyo kabisa, kuna shimo linakungoja. Ukoko bora uko mahali pa wazi na pa chini, bondeni, ambako hewa baridi inashuka na kutuama. Kwa hiyo pita msituni kwa ajili ya njia zilizoandaliwa, ila ukitaka kuzurura toka nje uwandani.

Ratiba sasa. Ukoko unakuwa mgumu zaidi karibu na macheo. Ukitoka saa 12 asubuhi una saa tatu, pengine nne. Kwa walio kaskazini, miteremko inayotazama mashariki inalegea kwanza, kisha ya kusini, ya magharibi, na ya kaskazini mwisho. Panga safari ili wakati wa kurudi upite upande wa kivuli. Na usisubiri skii zizame ndipo ugeuke. Fimbo ndizo zinazotangulia kusema: ncha ikianza kutoboa ukoko na kikapu, kile kisahani cha chini ya fimbo, kufuata ndani, huku skii bado zinaelea juu, hapo umebakiwa na muda mfupi. Geuza.

Kipimo cha kabla ya kuondoka: vua skii, piga kisigino chini kwa nguvu. Ukibebwa, nenda utakako. Ukizama kifundoni, kaa karibu na nyumbani. Ukizama gotini, rudi kitandani.

Karibuni wenye uzoefu mwongeze. Nta, zile za kupaka chini ya skii ili zishike au ziteleze, nawaachia wengine, mimi ni mtu wa skeiti, huko kushika na kusukuma sina utaalamu nako.

Siti ya Mbele

Madini matupu. Nimekaa hapa, tiririkeni.

Mgeni Kwenye Theluji

Mkuu asante sana. Mimi natumia mtindo wa klasiki, ule wa skii kwenda sambamba, na nta yangu ngumu ya kopo ilinifanyia kazi vizuri msimu wote. Sasa hivi nikipaka, baada ya kilomita moja hivi imeisha, skii zinarudi nyuma kila nikisukuma. Nimeongeza tabaka hadi nimechoka. Tatizo nini?

Dada Klista

Ndugu Mgeni, tabaka hata ukiweka kumi hazitakusaidia. Nta ngumu inashika kwa sababu ncha za chembe mpya zinachoma ndani yake kidogo, halafu zinaachia. Punje za mwisho wa msimu hazina ncha. Zikiwa zimeganda zinafanya kazi ya msasa, zinakwangua nta yako yote. Zikilowa zinaviringika chini yake. Umefika wakati wa klista, ile nta laini ya kunata inayotoka kwenye bomba.

Najua watu wanaiogopa kwa sababu inanata kila mahali isipotakiwa. Ukiifanya kwa utaratibu haina shida. Fanya ndani, au pasha bomba la klista kwanza ili itoke laini. Safisha sehemu ya kushika, ile ya katikati ya soli, na uipitishe msasa kidogo. Weka vidoti vidogo pande zote mbili za mfereji wa katikati, kama sentimita tatu baina ya kidoti na kidoti, halafu sambaza kwa kidole gumba. Iwe nyembamba kiasi kwamba unaona rangi ya soli chini yake. Mfereji wenyewe uache wazi. Na eneo lipunguze kwa sentimita 5 hadi 10 kuliko unavyopaka nta ngumu, kwa sababu klista ni nene, ukiifikisha mbele sana itakuvuta wakati wa kuteleza.

Rangi: samawati kwa barafu na ukoko mgumu, nyekundu kwa theluji iliyolowa, zambarau katikati ya hizo. Kuna ile ya matumizi yote, na kwa mtu mwenye bomba moja tu mfukoni nunua hiyo ulale. Asubuhi ya barafu itakayogeuka maji mchana, mimi naweka samawati nyembamba kama msingi, inaganda, halafu nyekundu au ya matumizi yote juu. Ile ya chini inashikilia soli isikwanguliwe, ya juu inashika theluji.

Muhimu kuliko rangi: ukimaliza, toa skii nje zipoe kabla hazijagusa theluji. Klista ya vuguvugu ikikutana na theluji inagandisha donge la barafu chini ya mguu, na hapo utatembea kama umevaa viatu vya mchuchumio.

Magamba Daima

Dada Klista, heshima yako, lakini yote hayo ya nini? Skii za magamba zipo, zile zenye magamba yaliyochongwa kwenye soli. Unavaa unaondoka. Mwisho wa msimu ndiyo wakati wake.

Dada Klista

Kwenye theluji iliyolowa sikupingi, magamba yanashika vizuri. Njoo alfajiri kwenye barafu uone. Gamba linahitaji kuingia kwenye theluji kidogo ndipo lishike, na barafu haliingiliki. Skii za ngozi, zenye kipande cha manyoya kwenye soli, nazo ni hivyohivyo: kwenye sifuri ni raha tupu, kwenye barafu ya asubuhi zinabembeleza. Atokaye saa 4 na magamba yuko sawa. Atokaye macheo avae klista au aende skeiti kama mwanzisha uzi.

Magamba Daima

Macheo mimi nalala. Kesi imekwisha 😂

Kilomita 90

Niongeze upande wa kuteleza, kwa sababu wengi wanafikiria kushika tu. Theluji ikishiba maji, soli inanyonywa. Unahisi mtu amekushika mkia. Nta ya kuteleza pekee haimalizi tatizo; kinachosaidia ni mistari kwenye soli. Kuna kifaa kidogo cha mkono chenye gurudumu la meno kinachochora mistari. Baridi kali inataka mistari midogo sana, maji yanataka mipana na mirefu ili maji yapate pa kutokea na ule mnyonyo ukatike. Kabla ya kununua nta ya bei mbaya, chora mistari.

Wanaotaka kupaka nta zenye florini wasahau. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, limezipiga marufuku kabisa mashindanoni tangu msimu wa 2023–24, na skii zinapimwa. Sisi wa kujifurahisha hatupimwi, lakini kemikali zile hazivunjiki kwenye mazingira, zinaingia kwenye maji pamoja na theluji inayoyeyuka. Nta za njano za kawaida za joto zinatosha.

Halafu uchafu. Mwishoni theluji imejaa sindano za misonobari, chavua, utomvu na vumbi, na vyote vinapenda nta laini. Ndiyo maana baadhi yetu mwishoni tunaweka nta ngumu kidogo kuliko joto linavyodai. Unapoteza mtelezo mdogo mwanzoni, lakini kilomita ya 20 unampita aliyeweka nta laini, soli yake ishakuwa zulia.

Kwenye mashindano ya Machi tatizo ni kwamba unapaka kwa hali mbili. Vasaloppet kule Sweden inaanza saa 2 asubuhi, kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora, Jumapili ya kwanza ya Machi. Mstari wa kuanzia unaweza kuwa barafu na mchana mtu wa nyuma anapita kwenye sukari iliyolowa na kukanyagwa na maelfu waliomtangulia. Wa mbele na wa nyuma wameshiriki mashindano mawili tofauti siku moja. Kama wewe ni wa nyuma kama mimi, usiige nta ya mabingwa. Wao wanamaliza kabla hali haijabadilika.

Mpinzani wa Kudumu

Mwanzisha uzi umeongea vizuri ila umesahau adui mkubwa: mvua. Jua na usiku porojo, ikinyesha mara moja tu msimu kwaheri.

Ukoko Mgumu

Mkuu, mvua inaonewa. Piga hesabu nami. Milimita 10 za mvua yenye nyuzi 10 ni kilo 10 za maji kwa mita ya mraba. Zikipoa hadi sifuri zinaachia takriban kilojuli 420. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunataka kilojuli 334. Kwa hiyo mvua yote ile inayeyusha kilo moja na robo hivi, sawa na milimita moja na kidogo ya maji. Si kitu.

Muuaji ni hewa ya unyevu yenye upepo inayoambatana na ile mvua. Mvuke ukigusa theluji unageuka maji na kuachia joto. Kilo moja ya mvuke ikifanya hivyo, joto lake linatosha kuyeyusha zaidi ya kilo 7 za theluji. Usiku wa ukungu na upepo wa vuguvugu unaondoa theluji nyingi kuliko siku nzima ya jua kavu. Ukiamka ukakuta ukungu umelala juu ya uwanja na hewa haina baridi, jua theluji inaliwa hapo ulipo.

Na mvua ikifuatwa na usiku mweupe wa baridi, yale maji yote yanaganda ndani. Ukoko wa baada ya mvua ndio mgumu kuliko wote. Kwa hiyo ikinyesha usilie, subiri anga lifunguke.

Mpinzani wa Kudumu

Haya, leo umenishinda. Leo tu.

Mzee wa Ziwa

Vijana, mmesema "ziwa" kana kwamba ni uwanja wa mpira. Nitasema kwa urefu kidogo mnisamehe.

Katikati ya baridi, barafu safi ya sentimita 10 inambeba mtu mmoja, ndicho kipimo kinachofundishwa. Mwisho wa msimu sahau kipimo. Jua linaingia ndani ya barafu na kuilegeza kwenye viungo vya fuwele zake, mpaka inabaki nguzo nyembamba zilizosimama wima, moja kando ya nyingine, hazishikani. Unene unaweza kuwa sentimita 40 na bado ikakuachia ghafla, bila hata kulia kwanza. Barafu iliyogeuka kijivu au nyeusi, yenye maji yaliyopotea kutoka juu yake, maana yake imetobolewa na maji yamepita chini. Msiifuate.

Panapokufa kwanza ni palepale kila mwaka: mdomo wa mto unaoingia na unaotoka, kwenye matete, kando ya mawe meusi, na ufukweni kote. Alfajiri unaweza kuingia ziwani ukikanyaga ukoko mgumu wa ufukweni, saa 5 ukirudi ufuko huo haupo, una mita mbili za maji baina yako na nchi kavu. Sasa utafanyaje?

Vaeni misumari ya barafu, vile vishikio viwili vyenye ncha kali vya kujivutia, shingoni, si mkobani. Kabla ya kuingia ziwani toeni mikono kwenye mikanda ya fimbo. Fungueni mkanda wa mkoba kiunoni. Mtu akizama, ageukie alikotoka, kwa sababu barafu ya huko ndiyo imeshambeba. Apige miguu mwili ulale, achome misumari, ajivute, na akitoka asisimame. Aviringike mpaka mbali.

Ukiwa na shaka, zunguka. Ukoko wa kinamasi unateleza vilevile, na ukipasuka unalowa goti tu.

Mgeni Kwenye Theluji

Mzee shikamoo, na ahsante. Hili nimeliandika pembeni.

Mzee wa Ziwa

Marahaba. Andika na misumari ununue.

Juu Kwa Juu

Kwa wanaopanda milimani: jua linavyolegeza ukoko ndivyo linavyolegeza mteremko mzima. Maporomoko ya theluji mbichi hutokea zaidi alasiri, na usiku usioganda ndio hatari zaidi, kwa sababu asubuhi inaanza ikiwa imeshalegea. Sehemu yenye mwinamo wa nyuzi 30 na zaidi usipite juu wala chini yake baada ya jua kulipiga. Mkiona vidonge vya theluji vinaviringika vyenyewe kushuka, mmechelewa. Na miwani jamani, iwe ya daraja la 3 au 4. Macho yakiungua huoni dalili palepale, maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga machoni. Paka mafuta ya jua hadi chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua, mwanga unatoka chini pia.

Siti ya Mbele

Ndani ya pua??

Juu Kwa Juu

Ndani ya pua.

Msomaji Kimya

Nje ya mada kidogo. Wapo wanaosema mchezo huu hauna mtu wetu; wamemsahau Philip Boit wa Kenya? Nagano 1998, kilomita 10 klasiki, alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway aliyekuwa ameshachukua dhahabu akabaki mstarini kumsubiri na kumkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Daehlie. Turudi kwenye theluji. Swali langu: wakati njia za chini zimekwisha kabisa, wapi bado kunatelezeka?

Kilomita 90

Juu au kaskazini, hakuna siri nyingine. Sognefjellet kule Norway watu wanateleza Juni, timu kubwa zinaenda kufanya mazoezi huko. Mt. Bachelor, Oregon, Mei bado kuna njia. Lapland ya Finland, upande wa Kilpisjärvi, Mei pia. Kusini Kangaroo Hoppet ya Falls Creek, Australia, kilomita 42, inafanyika mwishoni mwa Agosti, na baada ya hapo ndiyo asubuhi za ukoko zinaanza kwao. Ukienda sehemu zinazofanya mashindano ukaona wanamwaga chumvi njiani, usishangae. Chumvi inayeyusha punje za juu, kazi hiyo inavuta joto kutoka theluji iliyo chini, na maji yanaganda tena kuwa kitu kigumu. Inafanya kazi theluji ikiwa na maji ya kutosha, na ikiisha nguvu njia inaharibika vibaya, kwa hiyo wanamwaga saa ya mashindano tu.

Mgeni Kwenye Theluji

La mwisho kwa Dada Klista. Nikimaliza kabisa msimu, nizihifadhi vipi?

Dada Klista

Toa klista yote kwanza. Ziache nje kwenye baridi mpaka igande, kwangua kwa skrepa ya plastiki, mabaki ufute kwa kiondoa nta na karatasi. Mikono usioshe kwa maji, inazidi kunata. Pakaa mafuta ya kujipaka, futa, kisha sabuni. Halafu piga pasi nta laini ya joto kwenye sehemu za kuteleza, nene, na USIIKWANGUE. Iache ikae hivyo mpaka msimu ujao, inazuia soli isikauke. Skii za klasiki zisifungwe pamoja kwa kubanwa katikati, zitapoteza ule mpindo wake. Kivulini, pasipo joto.

Na mabomba ya klista yasimamishe wima, kifuniko juu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Yakilala kabatini yakapatwa na joto la kiangazi, utakuta kabati, glavu na kila kilicho chini yake ni kitu kimoja.